Darasa la Kimanzi

Mwalimu Wayua hakumpenda Lynn tangu alipomwona akilikagua darasa lake kama mnunuzi wa shamba.

Darasa hilo la viziwi, katika shule ya msingi kule Ruiru, lilianzishwa na marehemu mume wa Wayua, Kimanzi, enzi ambazo wazazi waliwaficha watoto kama hao nyumbani. Kimanzi aliwafundisha kusoma midomo na kutamka. Ishara zilikuwa za uwanjani tu, wakati wa michezo. Wayua alifuata njia hiyo hiyo, na sasa huyu Lynn, mtafiti wa chuo kikuu, alikuja na kamera, akidai kwamba kiziwi huelewa kitabu upesi akisimuliwa hadithi kwanza kwa ishara. Mkutano wa walimu ulikuwa karibu kufanyika Thika, na Lynn angeusoma utafiti wake huko. Wayua alijua mambo yatakavyokwenda: jina la Kimanzi litaanikwa pale kama mfano wa ushamba.

Mwalimu mkuu, Githae, alimsihi ampokee, binti mwenyewe ana adabu. Wayua akamjibu kwamba hata paka huketi kwa adabu kando ya maziwa. Mtafiti aliyetangulia alirekodi watoto, akala chakula cha shule, na hata asante yake haikuonekana tena.

"Kamera ibaki kwa mkoba," akamwambia Lynn. "Fundisha wewe. Mimi nitakaa nyuma nikuone."

Lynn akasimama kando ya dirisha, jua la asubuhi likiwa mgongoni, akaanza hadithi ya fisi. Watoto wakafinya macho. Yeye akadhani hawajaelewa, akarudia kwa kasi zaidi. Wayua aliona kosa mara moja. Angenyamaza tu, mgeni angeondoka bila ushahidi wowote, na heshima ya nyumba ingebaki salama. Akanyamaza, na kimya kile kikawa kitamu.

Ndipo Kanini, mmoja wa wanafunzi, akageuka, akamuuliza Wayua kwa mikono: fisi amefanya nini?

Wayua akaduwaa. Miaka yote ya kutamkishwa maneno, mtoto huyu hakuwahi kuuliza kinachofuata.

Akainuka, akamshika Lynn kiwiko, akampeleka ukuta wa pili. "Simama hapa, mwanga ukuangukie usoni. Kule ulikuwa kivuli kinachopunga mikono."

Fisi akaendelea na ulafi wake, darasa likacheka. Walipofungua kitabu, Kanini alisoma mwenyewe ukurasa mzima, akiutafsiri kwa ishara.

"Mwalimu, hili la dirisha halimo kwenye utafiti wetu," Lynn akasema. "Naweza kuliongeza?"

"Kwa jina la nani?"

"Lako."

"Andika la Kimanzi. Yeye ndiye aliyenifundisha nisimame wapi. Na kule Thika, hili la ishara nitalisema mwenyewe, kwa mdomo wangu. Wewe utakaa nyuma. Umekubali?"

Lynn akatabasamu. Wayua hakutabasamu, alikuwa akingoja jibu.