Nilivyomzika Bi Tatu Kilimani

Ko, ko, ko. Ndivyo nilivyoisikia aibu yangu kabla ya kuiona, nyundo inagonga jiwe huko juu ya kilima, na mimi (mjinga mwenye daftari) nikawaambia wenzangu wa chama cha wasomaji kwamba huo ni moyo wa Tabora ya misafara unadunda, nao wakaandika!

Kisa chenyewe ni uvivu wa kuuliza. Riwaya yangu, mwaka wa pili huu, inahusu mgahawa wa chai uliobomolewa pale kilimani, ambako watu walikunywa chai ya tangawizi wakitazama vilima vya upande wa Urambo vikigeuka samawati. Sura ya mwisho imenishinda kwa kuwa sijui ulibomolewa kwa nini, na mwenye mgahawa, Bi Tatu, nilimwandika marehemu kwa sababu hadithi ilipendeza zaidi hivyo.

Tukafika palipokuwa mgahawa. Ngazi tatu zisizokwenda popote, ukuta wenye masizi, na bibi mmoja ameketi juu ya gunia anaponda kokoto. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamwomba aweke nyundo chini kidogo (kwa heshima ya marehemu, nilisema kwa mdomo wangu huu), tukasimama dakika nzima kimya kumkumbuka Bi Tatu. Bibi naye akainamisha kichwa.

"Alikufa na nini?" akauliza.

"Upweke, bibi." Sauti ilinitetemeka vizuri kabisa.

"Wewe kabila gani?"

"Mzaramo."

"Nilijua! Mtani wangu!" Akajilaza chali juu ya kokoto, akajifunika kanga mpaka usoni. "Bi Tatu ndiye mimi. Umeniua, sasa nibebe. Babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe hadi kwenu pwani kwa miguu, leo zamu yako."

Mtani akidai haki yake msibani humkatalii, kwa hiyo nikambeba mgongoni kilima kizima, anajililia mwenyewe sikioni kwangu, wenzangu (marafiki hao!) wanaitikia kilio, mpaka nyumbani kwake bondeni.

Akawakaribisha wote chai, akaanza, "Mgahawa wangu ulibomolewa hivi..." Nikatoa daftari.

"Wewe hapana. Muuaji hapewi chai ya matanga."

"Bibi, nisamehe, sura ya mwisho..."

(Tangu siku hiyo simwandiki mtu marehemu kabla sijabisha hodi kwake.)

"Hiyo utasimuliwa nikifa kweli, Mzaramo," akasema, akanisukuma nje kwa kiwiko, na mlango ukafungwa nyuma yangu.