Koti la Rosendo

Bi Herminia hakuwa mtu wa kumwamini mtu, na binti yake Otilia ndiye aliyeaminiwa kidogo kuliko wote. Magazeti ya Los Angeles yalidai wasichana wa Kimeksiko wanaficha nyembe kwenye yale mafundo yao ya nywele. Basi kila asubuhi, kabla Otilia hajaenda kiwanda cha samaki, mama aliingiza vidole kichwani mwake akapekua. Alipata soksi kuukuu tu, iliyokunjwa ili nywele zisimame. Hata hiyo soksi aliitilia shaka.

Shida yenyewe ilikuwa koti. Rosendo, kifungua mimba wake, alipochukuliwa jeshi la maji alimwachia suti yake: koti refu hadi magotini, mabega mapana, suruali pana iliyobana vifundoni. Aliishonesha kabla serikali haijakataza watu kupoteza kitambaa wakati wa vita.

"Nitunzie, Mama. Nikirudi nataka kucheza nayo."

Mama akaapa mbele ya picha ya Bikira Maria wa Guadalupe kwamba ataitunza.

Juni ile ya 1943 koti likaanza kunukia manukato, tena limepigwa pasi. Nani kama si Otilia? Mpuuzi yule analivaa anatoka nalo, wiki hiyo hiyo mabaharia wanazunguka na teksi wakiwavua vijana wa Kimeksiko suti ndefu kama hiyo na kuzichana barabarani, polisi wakitazama! Alipombana, Otilia alicheka tu.

"Mama nawe! Subiri Jumapili utajua."

Jibu hilo lilimchoma zaidi. Jumapili, binti akiwa kanisani, akalitandaza koti mezani na kushika mkasi alifupishe. Mkono ukamwia mzito; aliapa, jamani. Mara mlango ukagongwa kwa fujo, na kupitia pazia akaona kofia nyeupe ya baharia. Wamefika. Wakilikuta refu watamvunjia nyumba. Akalikata kiunoni, akafungua mlango.

Alikuwa Rosendo, anacheka. Amepewa likizo, yeye na Otilia walipatana wamshtukize mama, na suti iwe tayari kwa dansi ya jioni.

Alipoona meza, kicheko kikakatika. Akalivaa lile koti juu ya sare yake. Lilimfika kiunoni.

"Jana wenzangu wa melini walizichana suti nyingi, nikiona kwa macho yangu," akasema polepole. "Nikajipa moyo, angalau langu liko kwa Mama."