Draivu ya Dada

Ukitaka kunikasirisha hadi leo, niambie kwamba aina ya draivu haina maana yoyote siku hizi. Fundi wangu wa kompyuta aliniambia hivyo, nusura nimtoe dukani kwa ufagio.

Nina duka la stesheneri hapa Gongoni, Tabora mjini: kuchapa, kutoa kopi, kulaminisha vyeti, picha za pasipoti. Nililianzisha na dada yangu, tuliyefuatana naye ziwa. Tulinunua kompyuta mbili za mtumba kwa siku moja, rangi moja, umbo moja. Tulipozifikisha nyumbani Cheyo na kuziwasha ndipo tukagundua kwamba moja ina draivu ya DVD na nyingine ni ya CD tu. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, trei ni ileile na kitufe ni kilekile. Mimi nikaanza kulalamika kwamba tumepigwa. Dada akasema, "Wee nawe! Si zote zetu?"

Zikaacha kuwa zetu pale ofisi za wilaya zilipohama mjini kwenda Isikizya. Dada alitaka duka liwafuate wateja. Nikasema sihami ng'o. Akaniambia nina kichwa kigumu, nikamwambia anakimbilia porini, basi, maneno yakawa mengi. Mwisho tukagawana. Yeye akachukua ile yenye DVD, hata kuuliza hakuuliza, mkubwa bwana! Nikanuna. Naye akanuna. Kwetu kununa ni kipaji, tumerithi kwa mama. Ikawa tunakutana misibani na harusini, kila mmoja anatazama sahani yake.

Sasa nikwambie kilichonitesa. Dada alikuwa akichapa anayatamka anayoyachapa, hadi alama. Barua ya mtu ya kuomba uhamisho utaisikia yote: "Husika na kichwa cha habari hapo juu, nukta, aya mpya." Nilikuwa namgombeza kila siku, nikimwambia ananichanganya. Alipoondoka, duka likawa kimya mpaka nasikia feni. Nikipata jambo la kuchekesha nageuka nimwambie, kiti kitupu. Nilitamani kumwona dada yangu, nisifiche. Lakini nimpigie simu niseme nini? Kwamba nimekukumbuka? Sisi hatusemi hivyo.

Basi siku moja kompyuta yangu ikashikwa na virusi vya flashi za wateja, ikawa inawaka, inaandika maneno meupe kwenye giza, inazima. Nikamwita fundi. Fundi huyu ni Mzaramo, aliyefuata mke huku Tabora akasahau kurudi, na kwa hiyo ni mtani wangu. Mzaramo na Mnyamwezi wanataniana tangu babu zetu walipokuwa wanateremka pwani na misafara, na huyu haachi hata siku moja. Akasema mashine inabidi ipigwe windows upya. Akaingiza DVD. Ikazunguka, ikakoroma, ikanyamaza. Akarudia. Ikakoroma, ikanyamaza.

"Hii draivu ya CD, mama," akasema. "Maandishi ya DVD ni madogo mno kwake, jicho lake haliyafikii. Lakini usihangaike, nina flashi hapa. Aina ya draivu haina maana yoyote siku hizi."

"Nataka kwa DVD," nikasema.

"Mama, ni kitu kilekile!"

"Nimesema kwa DVD. Draivu yake iko kwa dada yangu, Isikizya."

Akanitazama, akaitazama flashi yake, akairudisha mfukoni. Miaka yote ile nilikuwa natafuta sababu ya kwenda kwa dada bila kuonekana nimekwenda kumwomba msamaha, na sababu hiyo hapo, inakoroma mbele yangu. Ati niiache kwa ajili ya flashi!

Nikaifunga CPU kwa kitenge, nikaiweka mgongoni nipate kukaa vizuri kwenye bodaboda. Mtani akatoka hadi barabarani ili watu wote wamsikie. "Mnyamwezi na mzigo! Babu zenu walifika Bagamoyo na pembe vichwani, wakatuuliza bahari nani anaitia chumvi!"

"Na nyie mkatukuta tumeshachoka, mkatupigia ngoma badala ya kutupa uji!" nikamjibu, pikipiki ikaondoka.

Njia nzima nilikuwa najipangia maneno. Miombo pande zote, magunia ya mkaa, chupa za asali zimepangwa kando ya lami, mimi sioni kitu, napanga maneno. Nilikuwa na maneno mazuri kweli. Mengine yalinitoa machozi palepale nyuma ya dereva, nikasingizia vumbi. Nilichotaka ni kimoja tu, nijue kama na yeye anatamani kuniona, au ni mimi peke yangu ninayeongea na kiti.

Nilimsikia kabla sijamwona. Duka lake liko karibu na ofisi za wilaya, mlango wazi, na sauti inatoka ndani: "Naomba kuwasilisha, nukta, aya mpya." Maneno yangu yote mazuri yakayeyuka.

"Shikamoo dada."

Hakugeuka. Akamalizia kwanza mstari wake. Lakini shikamoo mtu haiachi hivihivi, hata awe amenuna vipi.

"Marahaba," akasema. Kisha akageuka. "Umebeba nini hicho?"

"Kompyuta. Inataka windows, na draivu yangu haisomi DVD."

"Fundi wako hana flashi?"

"Hana."

Nilisema hivyo bila kupepesa jicho. Dada akanitazama, nikaona mdomo wake unataka kufanya kitu, lakini haukufanya. Akachukua bisibisi. Akafungua mashine yangu, akafungua na yake, akachomoa draivu yake ya DVD akaifunga kwenye yangu. Akatoa DVD ya windows kabatini, ameiandika kwa kalamu nene, mwandiko wake ule wa kulala upande. Ikazunguka. Ikasoma.

Kupiga windows kwa DVD, tena kwenye mashine ya kizee kama ile, si jambo la haraka, namshukuru Mungu. Ile asilimia inapanda, inasimama, inafikiri. Dada akaleta matobolwa na karanga, tukakaa tunatafuna viazi vyetu vikavu na kuitazama namba. Akaniambia karatasi zimepanda bei. Nikamwambia wino nao umekuwa feki. Mteja akaja kutoa kopi, nikainuka nikamtolea bila kuambiwa, dada akachapa kitu akitamka nukta zake, nami sikumgombeza. Nilikuwa nangoja aseme. Neno moja tu. Namba ikafika mwisho, mashine ikajizima na kuwaka safi, na yeye hakusema, na mimi kiburi changu unakijua.

Nikachukua bisibisi nimrudishie draivu yake. Akanizuia.

"Kaa nayo. Mimi hiyo yako ya CD itanitosha." Akaifunga kwake palepale.

"Na siku ukitaka kupiga windows?"

"Nitakuja Gongoni."

Nimeyageuza maneno hayo sijui mara ngapi. Atakuja kweli? Au ndiyo namna ya mkubwa ya kumwambia mdogo wake, haya nenda, mambo yamekwisha? Nilinunua kiti kipya, nikakiweka mahali pa kile chake. Kila Jumamosi, ofisi za kwao zikiwa zimefungwa, nikawa napika cha ziada. Tulianza kupigiana simu, habari za watoto, habari za mvua, na mimi mwisho lazima niulize, "Mashine inaendeleaje?" Anajibu, "Ipo tu, inafanya kazi." Mungu anisamehe, niliiombea kompyuta ya dada yangu virusi. Haikushikwa hata na kikohozi. Mwaka ukapita, ukaja mwingine, nikaanza kujisemea moyoni kwamba nimejibiwa. Anayetamani kukuona hangoji kompyuta iharibike. Nilikuwa nasahau kwamba na mimi ndivyo nilivyongoja.

Kisha presha ikamchukua. Alilazwa Alhamisi, nikafika hospitali amelala, nikamshika mkono, hakuamka tena.

Msibani mtani wangu alikuja na mizaha yake, akajilaza njiani akidai wabebaji wampe ushuru wa kupita ndipo Mnyamwezi wake azikwe. Watu wakacheka huku wanalia, ndiyo kazi ya mtani. Mimi nililia tu.

Baada ya arobaini, binti wa dada alishuka dukani kwangu na kitu kimefungwa kwenye kitenge.

"Mama mdogo, mama aliacha ameifunga hivi hivi. Wiki ile alisema mashine imegoma, inataka windows, na draivu haisomi. Alikuwa ailete kwako Jumamosi. Nilimwambia nitampigia kwa flashi, akaniwakia huyo!"

Nikaiweka mezani, nikaichomeka umeme, nikaiwasha, na kabla haijafunguka nikabonyeza kitufe cha trei. Ikakoroma, haikutoka. Nikanyoosha klipu ya karatasi, nikaisukuma kwenye kile kitundu kidogo cha mbele, trei ikajitokeza. Ndani kulikuwa na DVD ile, yenye mwandiko wake wa kulala upande.

"Lakini si hii ni draivu ya CD?" binti akauliza. "Mama aliweka DVD humu ya nini?"

Draivu ile dada aliifunga kwa mkono wake mwenyewe, mbele yangu, alijua fika inasoma nini na haisomi nini. Nikaitoa DVD, nikairudisha trei, nikazima mashine na kuiwasha tena nione imegoma nini.

Ikawaka. Ikapita moja kwa moja, haina maneno meupe, haina giza, ikafunguka, na pale mbele barua ya mteja ambayo dada alikuwa hajaimaliza. Mashine ilikuwa nzima kabisa.