Watalii wa Magunia

Mtu akikuambia Dorkasi hajawahi kufika Unguja, mlete kwangu nibishane naye. Mimi nauza chai na maandazi kwenye soko la mahindi la Kibaigwa, na kwa miaka nimemwona akienda huko kila mchana, amekaa juu ya debe lililopinduliwa, vumbi la mahindi limemjaa mpaka kwenye kope.

Dorkasi ni Mgogo mwenzangu, mzaliwa wa Gulwe, mjane asiyependa kuitwa mjane. Amelea wanawe kwa kuchekecha mahindi ya watu na kushona midomo ya magunia, na vidole vyake vimekomaa kwa sindano ya gunia hata kikombe cha chai ya moto anakikamata tumboni, kishikio cha nini. Mwenzake wa kazi alikuwa Mwantum, Mrangi wa Kondoa, mdogo kwake, mcheshi, mwenye kicheko cha kusikika mpaka kwenye mizani. Dorkasi alimwita mdogo wangu, Mwantum alimwita dada. Ukimwona mmoja, usihangaike kumtafuta wa pili.

Safari zao zilianzia kwenye gazeti langu. Nafungia maandazi kwa magazeti ya zamani, na siku moja Dorkasi alifungua lake akakuta ukurasa unaoeleza mambo ya kuona, kula na kufanya ukiwa mjini Unguja. Mwantum akausoma kwa sauti. Humo mlikuwa na vichochoro vya Mji Mkongwe na milango yake yenye misumari ya shaba, kobe wa kisiwa cha Changuu wakubwa kama ndama, bustani ya Forodhani ambako watu wanakula pweza na kutazama vijana wakichupa baharini kutoka ukutani. Mwisho kabisa ukasema mgeni asiondoke kabla ya kuonja urojo, ambao ni… Hapo ukaishia. Nusu ya chini nilikuwa nimeichana kumfungia kuli mmoja mihogo yake. Walinisumbua kwa nusu ile kana kwamba nimewachania hati ya shamba.

Basi Dorkasi akaamua mwenyewe. Urojo, alisema, jina linajieleza: ni kitu kinachoteleza. Kwa hiyo ni mlenda, ila mlenda wa watu wenye nafasi. Nani angembishia? Sisi Wagogo ukitutajia kitu kinachoteleza tumekwisha kunawa mikono.

Tangu hapo, saa sita ikifika na chai ikamiminwa, wale wawili hawakuwa Kibaigwa tena. Mmoja alisema, "Boti inaondoka," na safari ikaanza. Dorkasi, ambaye maji makubwa aliyoyajua ni mafuriko yaliyowafukuza nyumbani Gulwe, alikaa upande wa ndani na kumshika Mwantum mkono mpaka wafike. Leo watakwenda kwenye mashamba ya karafuu, kesho watazunguka sokoni Darajani na kuwakatalia bei wauza vitambaa. Waligombana kama wasafiri wa kweli. Mara moja walinuniana mchana mzima kwa sababu Mwantum alitaka kulala na Dorkasi alitaka kurudi kuwaona kobe. Lakini kila safari ilimalizikia kwenye urojo, na Dorkasi alionyesha kwa mkono namna unavyovutika kutoka bakulini hadi mdomoni. Mwantum alicheka mpaka chai ikamwagika.

Walikuwa na ahadi, nayo haikuwa ya mchezo. Walikubaliana kwamba siku Mungu akijalia wataenda kweli, na hakuna atakayekanyaga kisiwa kile bila mwenzake. Mwantum aliapa mbele yangu kwa haki ya mjomba wake Khamisi, aliyemlea tangu mdogo. Mtu aliyelelewa na mjomba hamtaji mjomba bure, ndivyo nilivyodhani.

Aliyewacheka zaidi ya wote alikuwa Jenifa, mke wa dalali. Kila akipita aliwauliza watalii wa magunia wamefika wapi, na kama hoteli yao ina feni. Dorkasi hakumjibu. Mwantum ndiye aliyekuwa akimtupia maneno, tena makali.

Mwaka huu, mavuno yalipopamba moto, Mwantum alikuja na kanga kichwani na macho yameinama. Alisema mjomba Khamisi amefariki huko Chemba. Soko zima tulimpa pole na kuchanga rambirambi. Dorkasi alitaka kumsindikiza. Akakataliwa kwa upole: Waislamu hawalazi maiti, dada, watakuwa wamezika kabla hatujafika. Basi Dorkasi akaenda nyumbani akarudi na doti yake mpya ya kanga, aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya harusi ya mwanawe Luka, akamfunga nayo kiunoni akamwambia asiende msibani kinyonge.

Wiki ile Dorkasi hakwenda popote. Nilimtania nikamuuliza kama boti imeharibika. Alinitazama kama niliyetukana. Mwenzake yuko matangani, alisema, yeye atakaaje Forodhani kula pweza peke yake? Akanywa chai yake, akarudi kwenye magunia.

Mwantum aliporudi, Dorkasi alimpokea kama yai. Alimshonea sehemu yake ya magunia, akamwacha apumzike. Siku chache zikapita ndipo alipothubutu kusema tena kwamba boti inaondoka. Alitaka kumchangamsha mfiwa. Siku hiyo hakuzunguka sana, akaenda moja kwa moja kwenye urojo, akatangaza kwamba bakuli la leo analipa yeye, akaanza kuuvuta kwa mkono hewani.

Mwantum alikuwa anapuliza chai. Alisema bila hata kuinua uso:

"Hauvutiki, dada. Ni mchachu, mchachu wa embe mbichi. Ndani wanatia bajia na kachori."

Mkono wa Dorkasi ulibaki hewani. Mimi mwenyewe niliacha kukoroga sukari. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuusahihisha ule urojo, kwa kuwa hakukuwa na wa kumsahihisha mwenzake. Dorkasi akauliza nani kamwambia. Mwantum akasema watu. Watu gani? Akasema watu tu, wanaosafiri. Dorkasi akashusha mkono, akauweka mapajani.

"Mdogo wangu, mjomba Khamisi mmemzika wapi?"

Mwantum akakiweka kikombe chini.

"Yuko Chemba," alisema. "Ni mzima."

Yaliyobaki yalitoka yenyewe. Dalali alikuwa amelipia safari ya Unguja, yeye na mkewe, halafu yeye akabanwa na biashara, na Jenifa akatafuta wa kumsindikiza. Jenifa! Yule yule wa hoteli na feni. Mwantum alilia, akasema nafasi ingepotea bure, akasema kila alipofika alimkumbuka dada yake, na wale kobe yeye aliwatazama kwa niaba ya wawili. Samahani, lakini mimi machozi ya mtu aliyekwisha kula huwa hayanigusi. Amemuua mjomba mzima ili akapande boti, na maiti ya uongo akaivalisha kanga ya rafiki yake.

Dorkasi hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Ungeniaga tu," alimwambia. "Ungeenda, ungerudi, ungenieleza urojo ukoje, na mimi ningekusikiliza mpaka mahindi ya nchi nzima yaishe. Umeninyima hata kusimuliwa."

Kesho yake Mwantum alileta ile doti, imefuliwa na kukunjwa vizuri. Dorkasi hakuigusa. Alimwambia amwekee mjomba, ipo siku atakufa kweli. Ndilo neno la mwisho nililosikia kati yao. Mwantum sasa anashona magunia upande wa ghala la dalali, na kicheko chake siku hizi hakifiki kwenye mizani.

Iliniuma nikajaribu kuliziba pengo. Mchana mmoja nilimmiminia Dorkasi chai, nikakaa kwenye debe la Mwantum, nikasema, "Boti inaondoka." Alinishika goti, akatabasamu kidogo kwa heshima yangu.

"Siwezi, Restuta," alisema. "Nikiufikiria ule urojo nauona mchachu."

Nikaondoka kwenye lile debe. Siku hizi saa sita ikifika, Dorkasi anakunywa chai yake hapa hapa Kibaigwa.