Ganda la Shaba: Kazi Yangu Kwenye Injini za Roketi

Siku ya kwanza ya kazi nilipelekwa na lori la baba. Baba alikuwa mchukuzi, akipeleka chumvi na sabuni hadi Kasaji na kurudi na mahindi. Asubuhi hiyo alisimamisha lori mbele ya lango la kiwanda cha shaba hapa Kolwezi, akakataa kuondoka mpaka anione nimeingia. Ndani ya laboratwari nilikuwa mwanamke peke yangu. Chef wa Laboratwari, yaani mkuu wake, mzee mfupi mwenye sauti nzito, hakunikaribisha kwa hotuba. Alinipa glovu zilizonizidi vidole, akabana kipande cha shaba kwenye jiriwa, akakipiga nyundo mpaka kikavunjika.

"Mama Zaina, unaona nini?"

"Shaba, Chef."

"Angalia muzuri. Hii matundu kidogo kidogo ni oksijeni yenye ilibakia. Shaba ya namna hii ukiipasha moto pamoja na haidrojeni, mvuke unazaliwa mule ndani, inapasuka yenyewe."

Sikujua kwamba jambo hilo moja lingenilisha maisha yangu yote. Wakati ule nilifikiri shaba ya Kolwezi inakwenda kuwa waya za umeme, basi. Nilifanya kazi pale miaka kadhaa, nikaenda kusoma Lubumbashi, na kutoka Lubumbashi nikapata nafasi ya kuendelea na masomo ya metali Ulaya. Huko ndiko nilikokutana na mtu nitakayemsimulia zaidi kuliko wengine.

Alikuwa Chef wa Injini katika kampuni ya roketi. Alikuja chuoni kwetu kutafuta watu, akasoma jina langu kwenye mlango, akauliza kwa Kifaransa natoka wapi. Nikamwambia Kolwezi, nyumbani kwetu Musonoi. Akafunga mlango, akavuta kiti.

"Mi niko wa Kasaji," akasema. "Tata yangu alikuwa mutu wa reli. Basi shiye babili, mi na wewe, hatutasema Kifaransa. Sikiliza: kule kampuni yetu bote banajua chuma. Shaba, hapana. Utakuja?"

Jina lake Muteba. Ofisini wote walimwita Monsieur Muteba, mimi nilimwita Tata, yaani baba. Mkewe, Mama Odette, aliniletea sombe, mboga ya majani ya muhogo, tangu wiki ya kwanza, akaniambia mtoto wa Kolwezi hawezi kula viazi kila siku.

Niwaeleze ninyi vijana kazi yenyewe. Ndani ya injini ya roketi kuna chumba cha mwako, mahali mafuta na oksijeni vinapokutana na kuwaka. Moto wake unaweza kuyeyusha ukuta wowote. Kwa hiyo ukuta wa ndani, tunaouita ganda, hufanywa kwa shaba iliyochanganywa na metali nyingine kidogo, kwa sababu shaba hupitisha joto haraka. Nyuma ya ganda huchongwa mifereji myembamba, na mafuta yenye baridi kali hupita humo kabla ya kwenda kuwaka. Upande mmoja moto, upande wa pili baridi ya kutisha, na katikati ukuta usiozidi unene wa ukucha. Ganda hilo ndilo lililokuwa kazi yangu.

Tata Muteba alikuwa amejenga injini ya haidrojeni kwa ajili ya sehemu ya juu ya roketi, ile inayoendelea na safari baada ya sehemu ya chini kuishiwa mafuta na kuachia. Haidrojeni inatoa nguvu nyingi kuliko mafuta mengine ya uzito uleule. Injini yake ilikuwa moja tu, yenye kengele pana ya kutolea moto, na kule juu kusiko na hewa ilifanya kazi vizuri ajabu. Niliiona ikiwashwa kwenye jukwaa la majaribio, na nilimwona Tata akiitazama kama mtu anayemtazama mwanawe akipokea diploma.

Halafu ukaja mradi wa roketi nzito ya kutumika mara nyingi. Sehemu ya chini ilikwisha kujua kurudi na kutua. Swali likabaki kwa ile ya juu: tuitupe kila safari, au nayo irudi nyumbani?

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Tata Muteba: sehemu ya juu iwe nyepesi, ya haidrojeni, injini moja, ikimaliza kazi iachwe iungue. Alikuwa na sababu nzuri. Kilo moja unayoongeza kwenye sehemu ya juu ni kilo moja unayoiondoa kwenye mzigo, na vigae vya kuzuia joto wakati wa kurudi ni vizito. Njia ya pili ilitumia methani. Nguvu yake ni ndogo kuliko ya haidrojeni, lakini methani haichukui nafasi kubwa, kwa hiyo tangi linakuwa dogo na vigae vinapungua. Injini zingekuwa kadhaa: baadhi zenye kengele pana za kule juu, baadhi zenye kengele fupi za kutua, kwa sababu kengele pana ikiwashwa karibu na ardhi hewa inausukuma moto kando na kengele inatikisika hadi kuvunjika.

Mkurugenzi wa Mradi, mwanamke mtulivu aliyekuwa akisikiliza kuliko kusema, aliamua kwamba ni lazima irudi. Tata hakukata tamaa. Akabadilisha michoro yake, akaongeza vigae, akatafuta namna injini yake ya haidrojeni irudi na iruke tena. Kila kitu kikabaki kuning'inia kwenye swali moja: je, ganda la shaba litavumilia kuwashwa mara nyingi?

Swali hilo lilikuwa langu. Tukaliwasha ganda, tukalipoza, tukaliwasha tena. Nilipolikata na kulitazama, ukuta ulikuwa umebonyea kuelekea moto, katikati ya kila mfereji, na pale ulipobonyea ulikuwa umekonda. Sehemu nyingine ulikuwa umechakaa kama sufuria ya zamani. Kwa safari moja, ganda zuri kabisa. Kwa safari nyingi, lingetoboka.

Mchana wa siku iliyotangulia mkutano wa uamuzi, Tata aliketi nami kantini. Alikuwa amekwisha kusoma ripoti yangu. Chakula chake hakukigusa.

"Zaina, kesho Mkurugenzi atakuuliza. Unaweza kumwambia kama tunaomba mwaka moya ingine? Na ile mchanganyiko mupya wa shaba?"

"Tata, mchanganyiko mpya utasaidia ganda. Lakini tangi litabaki kubwa vilevile."

"Najua." Akasukuma sahani kando. "Ile injini, nilianza kuichora mbele mutoto wangu wa kwanza azaliwe. Bale niliofanya nabo kazi, bengi bamekufa."

Huyu ndiye aliyenifungulia mlango, na nyumbani kwake ndiko nilikokula Idi zangu zote za ughaibuni, yeye Mkatoliki akininunulia nyama halali mwenyewe. Nikamuuliza, "Nitasema nini, Tata?"

"Sema kile uliona. Ukisema ingine, kuko siku itapasuka huko juu, na tutajua shiye babili."

Siku ya pili Mkurugenzi akaniuliza mbele ya wote: "Madame Zaina, ganda hili ungelirusha mara ya pili?" Nikajibu hapana. Sauti yangu ilitoka ndogo, akaniomba nirudie, nikarudia. Mkutano haukuchukua muda tena. Methani ikachaguliwa. Tata Muteba akakunja michoro yake, akawaaga watu kwa adabu, akaenda nyumbani kwa miguu ingawa mvua ilikuwa inanyesha.

Wiki zilizofuata hakuniita. Tukikutana kwenye korido ananisalimu, anapita. Sombe haikuja. Niliumia, lakini sikumlaumu. Mtu ana haki ya kuomboleza kazi yake.

Kilichomrudisha ni matatizo. Injini ya methani ilipoanza majaribio, ilipata joto kupita kiasi, na hakuna aliyejua kwa nini. Wakanipa ganda lake nilikate. Mifereji ilikuwa myeusi ndani, imeziba nusu. Nilikuwa bado nalitazama mlango ukafunguliwa, Tata Muteba akaingia bila kubisha, akavaa miwani, akainama karibu yangu.

"Ile weusi," akasema, "si masizi?"

"Si masizi, Tata. Nimekwangua, haitoki kama masizi. Ni kama yale mawe meusi ya chini kabisa ya mgodi, shaba iliyoshikana na salfa."

"Salfa itoke wapi? Mu methani?"

"Kidogo sana. Lakini mifereji ni myembamba."

Akavuta kiti, kama siku ile ya kwanza chuoni. Tulifanya kazi pamoja miezi mingi: yeye akapanga namna ya kuchuja gesi kabla ya kujaza tangi, mimi nikajaribu namna ya kuifunika mifereji kwa metali isiyoogopa salfa. Umbo la mifereji tulilichukua kwenye injini yake ya haidrojeni. Jumapili moja Mama Odette akapiga simu kuniuliza nimekufa au vipi, mbona siendi kula.

Tata alistaafu kabla roketi haijaruka, akarudi Kasaji kulima. Mimi nilibaki mpaka safari ya kwanza. Sehemu ya juu ilirudi, vigae vingine vimeng'oka, ubavu umeungua, lakini imesimama. Nikaletewa injini moja nikalikata ganda lake. Nikatazama, nikapiga simu Kasaji.

Sasa nami nimestaafu, niko Kolwezi. Vijana wananiuliza kama inafaa kutumia maisha yote kwenye ukuta mwembamba namna ile. Nawajibu kwamba inafaa ukipata watu wa kufanya nao. Wengine hawaridhiki, wanataka kusikia habari za mwezi na nyota. Kuhusu hizo sijui mengi.

Najua ile simu. Laini ilikuwa mbaya, mbuzi wanalia nyuma yake. Hakuuliza vigae wala kutua.

"Ganda iko je?"

"Zima, Tata. Mifereji safi. Halikubonyea."

Kisha nikamsikia akiita kwa nguvu, "Odette! Odette, kuya huku, acha ile kazi!" Nyayo zikakaribia, sauti ya spika ikafunguliwa.

"Zaina," akasema, "sema tena."