Klachi ya Akiba

Shemeji yangu, dereva wa foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, pale ghalani tunakofanya kazi, tunamwita Akiba. Hatupi kitu jalalani, hata bolti iliyopinda. "Akiba haiozi," atakwambia, na usithubutu kubisha.

Mwezi uliopita klachi ya foklifti yake ilikufa. Mashine yenyewe imemzidi meneja umri. Akiba akazunguka maduka yote ya spea, mkononi ana pleti ya klachi iliyoungua, nyeusi tii. Muuzaji mmoja akamwuliza kama ameiiba kwenye makumbusho. Wiki tatu nzima tulibeba mizigo kwa migongo, nami nilishachoka na methali zake.

Jana akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Jamani, si ninayo mpya! Niliificha miaka tisa iliyopita, wezi wasiifikie."

Tukamfuata mbio hadi ndani ya ghala. Akanyoosha kidole juu, juu kabisa, rafu ya mwisho karibu na bati. Pleti ilikuwa chini ya sanduku la vyuma lenye uzito wa tani nzima.

"Sasa lile sanduku linashushwaje?" nikafoka.

Akanitazama kwa huruma, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu.

"Kwa foklifti, shemeji."