Nilimchapa Mwanangu kwa Sababu Majibu Yalitoka Safi

Nimekosa jamani, na sitafuti wa kunitetea. Nilimtesa mwanangu nikiwa na karatasi ya daktari mkononi. Jina langu siliweki, aibu bado ninayo.

Nauza vitenge Tunduma. Binti yangu, nimwite Sekela, alikuwa na miaka minane. Mtoto hatulii! Darasani anasimama, anaimba, anasahau daftari. Ukimtuma chumvi anarudi na maua. Mwalimu wake alinichosha kwa kuniita.

Kwetu rovu, ule uvimbe wa tezi, lipo, mama yangu alikufa nalo shingoni. Nikasikia tezi ya shingo ikizidisha kazi mtoto hatulii. Nikasema ndiyo hiyo! Nikampeleka hospitali Mbeya, akatolewa damu. Niliomba ugonjwa uonekane, ili watu waache kusema sijui kulea.

Daktari akasema, "Mama, tezi haina shida. Lakini mtoto ana tatizo la kutulia na kuwa makini, hafanyi makusudi. Mrudishe mwezi ujao tumwangalie vizuri."

Mimi nikashika la kwanza tu. Haina shida! Kumbe ananifanyia kusudi! Sikumrudisha. Nilipeleka ile karatasi shuleni, nikamwambia mwalimu, "Huyu haumwi, mchapeni tu." Wakamchapa. Nyumbani nami nikamalizia. Loo, mkono wangu huu!

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alikuja kutusalimia, akaona mgongo wa mtoto. Hakugombana na mtu. Alifunga nguo za Sekela, akaondoka naye kwenda kwake Nanyala. Ndiye aliyemrudisha kwa daktari. Sasa Sekela ana miaka kumi na mitatu, anasoma vizuri, anachuma kahawa na shangazi yake. Naambiwa anacheka sana siku hizi.

Mimi niko peke yangu chumbani. Napika ugali wa mtu mmoja na bado unabaki. Nyumba imetulia kama nilivyotaka, nami siwezi kukaa ndani.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona. "Shikamoo mama," akasema, akakaa mbele yangu, viganja kavikalia.

"Mbona unakalia mikono, mwanangu?"

"Isije ikachezacheza, mama. Usikasirike."

Mungu wangu! Nililia njia nzima mpaka Tunduma.

Wazazi wenzangu, daktari akianza kusema, msikilizeni mpaka mwisho. Majibu yakitoka safi mshukuruni Mungu, msitafute fimbo. Mimi niliitafuta, na leo mtoto niliyemzaa ananiogopa.